Mafuta ya Kwa Sekela

Tupokigwe hakuwa mtu wa kusamehe, wala hakujisingizia. Kanisani, wenzake walipofika pale pa "utusamehe makosa yetu," yeye alinyamaza, akawaacha wapite, kisha akaungana nao kwenye "usitutie majaribuni."

Alikuwa akikaanga maandazi sokoni Mwanjelwa kwa mawese ya kwao Kyela, yaliyokamuliwa na mama yake, Sekela. Bibi yule hakuruhusu mchikichi wake ukatwe kwa ajili ya pombe. Watu walipanda, wakashusha mikungu iliyoiva tu, na mti ukabaki umesimama kwa faida ya wajukuu. Wateja wa Mbeya walinung'unikia wekundu na harufu, lakini walikula.

Sekela alipofariki, alizikwa nyumbani pembeni mwa michikichi yake, kama kwao wanavyozikana. Damari, muuza maandazi mwenzake Tupokigwe, alisafiri mpaka Kyela kumzika. Akala matangani, akalia kuwashinda wafiwa. Aliporudi Mwanjelwa akawanong'oneza wateja kwamba mafuta yale mekundu yanatoka makaburini, kwamba miti ile inanyonya maiti. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wateja wakahamia kwa Damari. Mama mmoja alitema andazi miguuni pa Tupokigwe, na Tupokigwe akaona mama yake ndiye aliyetemewa mate. Hakugombana na mtu. Alikunja vyombo, akawa anawauzia mawese wapika sabuni wa mtaa wa Soweto, huku akiilea hasira yake vizuri isije ikapoa.

Vita ya Uganda ilipokwisha, mafuta ya kupikia yakatoweka madukani. Karai la Damari likakauka. Hapo Tupokigwe akabandika mawese jikoni, akayaacha yafuke moshi mpaka wekundu wote ukatoka, akatupia vitunguu kuua harufu. Yalipopoa yakawa ya manjano hafifu, mtu asingeyatambua. Akampelekea Damari mwenyewe, akitabasamu, akimwambia yamevushwa mpakani Tunduma. Damari akamshukuru sana, akasema Mungu hapendi vinyongo. Tupokigwe akaitikia kwamba ni kweli, Mungu hapendi.

Akamletea tena na tena. Damari akajaza watu, akijisifia mafuta safi, si kama yale ya watu fulani. Masika yakapita, Tupokigwe akisubiri tu.

Jumamosi moja, wateja wakiwa wamesongamana, akasimama mbele ya karai.

"Dada Damari, mafuta haya unayaonaje?"

"Safi kabisa, dada."

"Yanatoka Kyela. Kwenye ule mchikichi uliouegemea ukimlilia mama yangu."

Jailos, fundi baiskeli, alikuwa na andazi nusu mdomoni. Akatafuna taratibu, akameza, akanyoosha mkono kuchukua jingine. Watu wakaangua kicheko, na kicheko chenyewe kilimwelekea Damari.

Wiki iliyofuata Tupokigwe alirudi sokoni na karai lake, mawese yakiwa mekundu vilevile. Watu wakapanga foleni. Hakumpa mtu andazi mpaka aseme kwa sauti anataka la mafuta ya nani. La mafuta ya Sekela, walisema mmoja mmoja, wengine wakiinamisha uso. Yule mama aliyetema alirudishwa nyuma ya foleni, akalisema jina upya mbele ya wote.

Mwishowe akaja Damari na kidumu kitupu. Watoto wake walikuwa hawajaonja chakula cha kukaangwa siku nyingi, na biashara ilikuwa imekufa. Akaomba mafuta ya Sekela kwa sauti ndogo.

"Sijasikia," Tupokigwe akasema.

Damari akarudia, machozi yakimtoka, safari hii machozi ya kweli. Wauza viazi ng'ambo ya njia waligeuka kutazama.

"Sasa nimesikia," akasema Tupokigwe. "Na mama naye amesikia." Akafunika debe, akalikalia. "Kwako hayapo."