Kamba ya Fahali

Juzi, dukani Mbita, nilimwona msichana akichagua kamba nene kuliko zote, na hasira yangu ya zamani ikanipanda.

Nilipokuwa na umri kama wake, Mjomba, aliyekuwa mvuvi huko Mbita, alinituma dukani kamba ya kupandishia tanga la mashua yake. "Lete iliyo imara," alisema, basi. Kwetu Uriri, mbali na ziwa, kamba imara ilikuwa ya kufungia fahali, kwa hiyo nikaleta katani nene iliyonuka mafuta taa. Ilipolowa ilivimba, ikakwama kwenye tundu la mlingoti, na tanga likagoma nusu njia. Tukakwama ziwani, na samaki tuliowavua wakaanza kunuka juani.

"Aa, nyathina, mwanangu! Umeona ng'ombe hapa?" alifoka Mjomba.

Nililia, nikidhani mimi ni mjinga. Kumbe angenipa tu kipande cha kamba ya zamani nikalinganishe. Alikuwa nacho kiunoni, kikishikilia suruali yake.