Jina la Ng'ambo ya Ziwa

Jina langu silitaji hapa. Limeshatajwa vya kutosha na watu ambao hawakuniuliza kama nalitaka. Nitakachosema ni kwamba nilipokuwa mtoto, kuanzia kwetu Igoma hadi Usagara, hakukuwa na msichana mwingine aliyeitwa hivyo. Mwalimu wa darasa la kwanza alipotakiwa kuliandika alisimama na chaki mkononi, akaniuliza kama ni la mtu au la mahali.

Lilikuwa jina la bibi yangu, mama yake baba. Babu alimpata Ukerewe, alikokwenda kutafuta nafaka mwaka wa njaa, akarudi naye kwa mtumbwi pamoja na magunia. Kule visiwani jina hilo hupewa mtoto wa kike aliyezaliwa wakati baba yake yuko majini anavua. Upande wetu wanaume walikuwa watu wa ng'ombe na pamba. Baba yangu hakuwahi kuingia ziwani kupita magoti, na akinywesha mifugo alisimama juu ya jiwe kama mtu anayeogopa kudaiwa na maji. Siku niliyozaliwa alikuwa uani anashona kiatu. Kwa hiyo jina lile halikunihusu kwa lolote. Nililipata kwa sababu bibi alikuwa amekufa muda mfupi kabla, na kwa sababu nililia.

Kwetu mtoto mchanga akilia asinyamaze, akakataa kunyonya, wakubwa humtajia majina ya marehemu wa ukoo. Jina litakalomtuliza ndilo lake, na mwenye jina ndiye aliyerudi. Niliambiwa kwamba nilitajiwa majina mengi, mengine mazuri tu, nikayakataa yote. Lilipotajwa la bibi nikashika titi. Mimi nadhani nilikuwa nimechoka kulia. Lakini hakuna aliyetaka maoni yangu, na tangu siku hiyo sikuwa mtoto wa nyumba ile. Nilikuwa bibi aliyerudi.

Wajukuu zangu hucheka nikiwasimulia haya. Wacheke. Utani wa babu na mjukuu upo kila mahali: babu humwita mjukuu mke wangu, watu hucheka, mambo huishia hapo. Kwetu hayakuishia hapo. Macho ya babu yalikuwa yanakwenda, akawa anaona vivuli tu, na alikula chakula nilichomwekea mimi peke yangu. Akiwekewa na mwingine alisukuma bakuli. Baba naye alikuja kila asubuhi, mtu mzima mwenye ndevu, akainama mlangoni akasema, "Shikamoo mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma. Mimi mwenye kamasi puani nikaitikia marahaba.

Kaka zangu walichapwa, mimi sikuchapwa, maana nani atamchapa mama yake? Wakanionea wivu. Walikuwa wajinga. Wao waliochapwa walikwenda kuchunga, walikwenda kupanda majabali na kutazama ziwa, walikwenda mjini juu ya marobota ya pamba hadi kiwandani. Mimi nilikaa ndani ya ua wa minyaa, kwenye kigoda cha bibi, karibu na mafiga ya bibi, nikimsikiliza babu akiuliza, "Mke wangu, uko?" Ilinibidi niitikie. Nikichelewa alianza kupapasa ukuta akinitafuta, na moyo wangu ulikuwa unaniuma kwa huruma na kwa hasira, vyote pamoja. Nilimpenda babu, na hilo ndilo lililofanya ua ule uwe mrefu.

Lakini kilichoniumiza kuliko vyote kilikuwa mama yangu. Kwake yeye mimi nilikuwa mama mkwe. Alinizaa, akaninyonyesha, kisha nilipoanza kusema vizuri akaanza kuniheshimu. Hakunituma. Hakunigombeza. Dada zangu aliwaweka katikati ya magoti yake akawasuka huku akiwapiga makonzi wakijitikisa. Mimi alimwita jirani aje anisuke. Akitaka nifanye jambo alilisema pembeni, kana kwamba anazungumza na chungu: "Maji yamekwisha." Nilitamani anitukane hata mara moja.

Shule niliruhusiwa kwa sababu ilikuwa karibu na niliweza kurudi mchana kumwekea babu ugali. Nilisoma hadi darasa la nne, na nilisoma kwa bidii ya mtu anayechimba ukuta kwa kijiko. Mwishoni mwa mwaka ule wa uhuru, mwalimu alikuja nyumbani na baiskeli yake. Alisema nimefaulu, nimepata nafasi katika shule ya kati ya wasichana, ya kulala huko huko, Ukerewe. Shule zikifunguliwa baada ya sikukuu niwe nimefika, la sivyo nafasi atapewa mwingine.

Baba alimkaribisha maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, kwa huyu sina neno. Huyu ni mama yangu. Na mwenye mke ni yule pale."

Mwalimu alicheka, akidhani ni utani. Hakuna aliyecheka naye. Babu, aliyekuwa ameketi juani ameegemea ukuta, akasema bila kugeuza kichwa, "Mke wangu haendi kokote." Ikawa imekwisha. Mwalimu alimaliza maziwa, akaifuta baiskeli yake vumbi, akaondoka. Nilimtazama hadi alipopotea kwenye barabara ya Musoma, na nikajua kwamba kama sitatoka mwaka huu nitazeeka pale pale, kwenye kigoda cha mtu mwingine.

Siku ya uhuru wote walikwenda mjini isipokuwa babu, mimi na mama, ambaye alikuwa na mimba. Mchana kutwa watu walipita barabarani wakiimba, na wasichana niliosoma nao walipita wakipunga vibendera. Mmoja aliniita. Nilimwonyesha babu kwa kidole, akaelewa, akaenda zake.

"Kelele gani hizo?" babu aliuliza.

"Uhuru, babu."

"Wa nani?"

"Wa nchi yote."

Alifikiri kidogo. "Kwani ilikuwa imefungwa wapi?" Kisha akaomba maji.

Nilikwenda jikoni kumchotea, na huko ndiko nilikolia. Sikulia kwa sauti. Mama alikuwa anamenya viazi vya michembe, vya kukatwa vipande na kuanikwa. Hakunitazama. Alianza kusema na viazi vyake, polepole, kama kawaida yake. "Marehemu alikuwa akiomba kupelekwa kwao kusalimia. Kila mwaka akiambiwa, baada ya mavuno. Mimi nimeolewa hapa nimemkuta bado anaomba. Siku anakufa alikuwa hajapelekwa." Akaweka kiazi chini, akaokota kingine, akaendelea. "Mwanamke aliyeolewa mbali ana haki ya kwenda kwao. Hata ng'ombe za mahari haziifuti."

Mtu ambaye hajaishi kwetu anaweza kuona hayo ni maneno ya jikoni. Mimi niliyaelewa mara moja: kwao bibi kulikuwa Ukerewe, na shule nayo ilikuwa Ukerewe. Mke kwenda kwao kusalimia ni deni la mume. Asipolilipa ni aibu yake, na watoto wake wanaijua aibu hiyo hata kama hawaisemi. Nilikaa nayo siku kadhaa, nikiogopa. Mama hakurudia tena. Alikuwa ameshasema yote ambayo mke wa mtu anaweza kusema.

Asubuhi moja baba alikuja mlangoni kama siku zote. Babu alikuwa pale pale ukutani, na ugoro wake.

"Shikamoo mayu."

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Kaa chini."

Sikuwahi kumwita mwanangu. Hata katika mchezo ule wote, hicho kilikuwa kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Baba alinitazama, na nilifikiri sasa nitapigwa kofi la kwanza maishani mwangu. Akakaa chini.

"Nililetwa hapa nikiwa msichana," nikasema. Sauti yangu sikuitambua. "Nimewapikia, nimewazalia, nimezeeka, nimekufa. Kwetu sijapelekwa hata siku moja. Nataka kwenda kwetu."

Vidole vya babu vilisimama ndani ya kikopo cha ugoro. Baba aliziba uso kwa mikono yake miwili, na mabega yakaanza kutikisika. Nilikuwa sijawahi kuona mwanamume akilia, na sikupenda. Nilielewa baadaye kwamba alikuwa ameyasikia maneno hayo tangu utoto wake, jioni baada ya jioni, kutoka kwa mwenye jina mwenyewe, na kwamba alikuwa mdogo asingeweza kumpeleka.

"Nilisema baada ya mavuno," babu alisema.

"Mavuno yamepita mengi."

Ng'ombe mmoja alikuwa anajikuna kwenye minyaa na hakuna aliyemfukuza.

"Utarudi?" babu akauliza.

"Mtu aliyekwenda kwao kusalimia hurudi."

Babu alirudisha kifuniko cha kikopo, akakosa mara ya kwanza, akakipata. "Mpeleke," akamwambia baba. "Na usimpeleke mikono mitupu."

Hapo ndipo baba yangu alipofanya jambo ambalo shule ile ililisimulia kwa miaka. Mke hapelekwi kwao bila zawadi, kwa hiyo tulipanda meli Mwanza tukiwa na sanduku langu la bati, mtungi wa samli, na mbuzi dume. Baba alivuka ziwa lote amefumba macho, ameikumbatia shingo ya mbuzi. Tulipofika alivaa koti lake, akaenda moja kwa moja mpaka kwa mwalimu mkuu, mama mmoja wa makamo mwenye miwani, akapiga goti. "Nimemleta mama yangu kwao," alisema. "Mtusamehe tumechelewa."

Yule mama alimtazama baba, akanitazama mimi, akamtazama mbuzi. Ninamshukuru hadi leo kwamba hakucheka. Alisema, "Tumepokea. Karibuni." Mbuzi tulimla Jumapili.

Asubuhi ya kwanza darasani mwalimu aliita majina. Alipolitaja langu niliitikia, na sauti nyingine tatu zikaitikia pamoja nami. Niligeuka. Msichana mmoja mrefu wa dirishani, mmoja mwenye mwanya, mmoja aliyekuwa bado anatafuna. Darasa zima lilicheka kwa jinsi nilivyotoa macho. Kisiwani kule baba gani hayuko majini mtoto akizaliwa? Jina lilikuwa limejaa kama dagaa. Mpishi aliitwa hivyo. Mama aliyetuuzia machungwa getini aliitwa hivyo, na mbwa wake pia, kwa matani ya jirani yake. Mwalimu alitupa namba, mimi nikawa wa Nne. Nilipenda kuitwa wa Nne kuliko nilivyowahi kupenda kitu chochote. Hakuna aliyewahi kumwoa wa Nne. Wa Nne hakuwa amemzaa mtu yeyote. Usiku nililala kitanda cha juu, na mtu akiniita sikulazimika kuitikia.

Nilirudi likizo ya katikati ya mwaka. Nilikuta mama amejifungua mtoto wa kike, na alikuwa ameketi kivulini ananitazama nikiingia na sanduku kichwani.

"Umesimama nini?" akasema. "Huoni mtungi mkavu? Huko shuleni mnafundishwa uvivu? Weka hilo sanduku ukachote maji, halafu njoo nikufumue hizo nywele, umekuwa kama mwendawazimu."

Nilisimama nikiwa nimeduwaa. Mama alikuwa amenituma. Alikuwa amenigombeza, hadharani, akinitazama usoni. Nilikimbia mtoni na nikarudi na mtungi umejaa pomoni, maji yananimwagikia mgongoni, ninalia na kucheka. Nikakaa katikati ya magoti yake. Vidole vyake vilikuwa vigumu, na nilipojitikisa nilipigwa konzi. Nilijitikisa tena kwa makusudi.

Halafu akaniambia, huku akichana, kwa nini sasa aliweza. Mtoto alikuwa amelia siku nyingi. Babu alikuwa hali chakula. Wakataja majina ya marehemu wote, hakuna lililomtuliza, na mwishowe babu mwenyewe akasema, mtajieni la mke wangu, maana aliyelichukua hajarudi. Mtoto akashika titi.

"Sikutaka," mama alisema. Safari hii hakukiambia chungu. Aliniambia mimi. "Lakini ningesema nini?"

Alipomaliza kunisuka nilikwenda kumsalimu babu. Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa ukutani pale pale, juani, amempakata mtoto kifuani, akimwimbia kitu kwa sauti ya chini. Nilipiga magoti nikamsalimu.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikamtajia jina langu.

"Hapana," alisema, kwa upole, kama mtu anayemrekebisha mgeni aliyepotea njia. "Huyo ninaye hapa."

Mtoto alikuwa anajinyonganyonga atoke, naye babu akamkazia mikono.