Mafiga ya Mahame

Kosa langu lilikuwa kuwasemea watu nisiowajua. Juzi, harufu ya magome mabichi ya miti ya miwati ilinirudisha kimawazo Lyamkena, kwenye mahame ambako ukoo wetu ulikaa zamani. Enzi za ukoloni, Mwingereza aliyekuwa akipima ardhi na kupigilia vigingi vya mashamba ya miwati aliniuliza kama pale palikuwa na wenyewe.

"Hapana, bwana. Magugu tu," nilijibu, nikidhani kijiji ni nyumba zilizosimama tu.

Shangazi yangu aliweka jembe chini. "Nyamaza wewe! Magugu ndiyo yaliyomzaa baba yako?" Akafukua kwa mikono mafiga matatu, kisha mengine matatu, kila mara akimtaja mama aliyepikia hapo. Masizi yalikuwa bado yameng'ang'ania mawe. Jua lilipoinama, Mwingereza aling'oa vigingi vyake mwenyewe.

Nami namtaja: shangazi huyo aliitwa Tulalumba.