Mkwaruzo Ndani ya Kifuniko

Katika mtaa wa Burj Hammud, hapakuwa na fundi aliyejua kuurudishia uso wa saa ujana wake kama Onnik Tashjian. Alikuwa na desturi aliyoirithi kwa baba yake: kila saa aliyoibadilisha sura, alikwaruza ndani ya kifuniko chake cha nyuma, kwa sindano, herufi ya jina lake na mwaka, ili fundi atakayeifungua baadaye asidanganyike.

Asubuhi moja jirani yake Araksi, mjane wa mwoka mikate, alimletea saa ya Kiswisi ya marehemu mumewe ili amuuzie. Binti yake alikuwa mjamzito huko Marseille, naye alitafuta nauli ya kuwahi uzazi. Nora, binti wa kaka yake Onnik, aliyekuwa akiwauzia watu saa mtandaoni, aliipiga picha na kuandika: “Ya asili, haijaguswa.” Kabla ya adhuhuri tajiri mmoja wa Kuwait alikwisha kukubali bei.

Onnik alipoifungua kuisafisha, alikutana na mwandiko wake mwenyewe. Uso ule wa kijani aliupaka yeye; almasi zile kumi na mbili alizitia yeye, zamani, marehemu alipotaka kujionyesha arusini.

“Ami, pitisha msasa kidogo tu,” Nora alisema. “Nani atajua?”

“Aliyepaka.”

“Haya, jisifu! Uzuri wa kazi yako ndio unaotuponza.”

Mzee alicheka, kisha akaupiga picha mkwaruzo, akaiweka ya kwanza katika tangazo, na chini yake akaeleza yote. Mtu wa Kuwait alijitoa siku ile ile.

Araksi aliingia bila hodi. “Fundi, ukweli wako si ungeuweka kwenye saa yako? Ungenyamaza!”

“Nisingeweza, jirani.”

“Najua. Hata ungejaribu kunyamaza, ungekohoa tu ukweli ukatoka!”

Saa ilinunuliwa baada ya wiki sita, kwa nusu ya bei, na daktari wa meno wa mji wa Zahle aliyependa kijani. Mjukuu wa Araksi alikuwa amezaliwa siku tisa kabla ya hapo. Onnik aliposikia habari hiyo, hakufanya kazi tena hadi jioni.

Siku ya safari ya Marseille, teksi ikingoja mlangoni, Araksi alimwekea mezani saa ya ukutani iliyofungwa katika taulo.

“Inachelewa. Sijakusamehe, usidhani.”

“Sijadhani.”

“Na ukikuta lolote humo, uniambie mimi kwanza, kabla hujauambia ulimwengu.”

Onnik aliinamisha kichwa. “Hapo nilikukosea, jirani,” alisema, akaipokea saa kwa mikono miwili.