Niliambia Fundi Screen ya Mjukuu Wangu Imekufa

Makosa ni yangu, na sitaki mtu aseme ni uzee. Akili ilikuwa sawa. Mimi kusoma sijui, naongea tu na mtu anaandika, kwa hivyo asinirekebishe.

Ile miaka kila kona ya Kitengela ni cyber, zile duka za internet, mjukuu wangu Nashipae alikuwa anafanya kazi kwa moja. Mimi nilikuwa nakaa hapo mlangoni nikishona shanga na kuuza. Zamani tulikuwa tunashona na yeye. Halafu akapata hii Linux ya computer.

Sasa ikawa ni kurice. Kurice ni kupamba screen ya computer mpaka watu wa internet wakuonee wivu. Anapamba, anapiga hiyo screen picha, anatuma, wanamjibu kutoka ng'ambo. Nilikuwa namwigiza akiniita Koko, yaani nyanya yake, wateja wanacheka: "Koko, usiguse theme yangu. Koko, hiyo font ni mbaya." Pua juu, kama mbuzi imenusa mvua.

Miezi mitatu alikuwa kwa hiyo screen. Mwisho akatoa kila kitu. Zile picha ndogo za kubonyeza, hakuna. Nyekundu tupu, na kamstari kembamba huko juu. Nikamuuliza mapambo iko wapi. Akasema, "Koko, urembo ndio huo. Kuacha wazi." Mimi nimeshona tangu nikiwa msichana. Ukiacha wazi, hiyo ni ngozi tu!

Kulikuwa na mwenye cyber kubwa ya Rongai anakuja Jumamosi kuiona. Akiipenda, anamwandika Nashipae kazi huko, ampambie machine zake zote. Aende Rongai, na mimi nibaki na nani?

Ijumaa akaenda lunch. Fundi akaingia kuangalia machine, akaniuliza, "Shosho, hii ya kona inafanya?"

Nilikuwa nimemwona Nashipae akiitumia asubuhi hiyo hiyo. Nikasema, "Hiyo imekufa. Si unaona haina kitu?"

Akaweka CD, akafuta yote, akaanza upya. Mimi nikaendelea kushona.

Nashipae hakuwa ameweka hiyo kazi yake mahali pengine. Aliporudi akakaa mbele ya screen kama ya kila mtu, akaniuliza kama ni mimi. Nikasema ndio. Hakulia. Akasema, "Ungeniambia tu nisiende."

Jumamosi yule wa Rongai akaangalia, akasema ni kama zingine, akaenda zake. Mwezi uliofuata Nashipae naye akaenda, kwa shangazi yake Illasit. Rongai ningefika na kurudi siku moja. Illasit, sasa ni mara ngapi kwa mwaka?

Nasikia huko ameanza tena, na ni nyekundu tena. Na bado nasema iko uchi, mnichukie mkitaka. Lakini ilikuwa yake, haikuwa yangu kuua.

Nyinyi makoko wenzangu, mkiogopa kubaki peke yenu, msitume fundi. Semeni na mdomo: "Kaa na mimi." Akikataa, akatae akijua.