Mchango wa Jamii: Sifuri

Kikundi chetu cha ngoma na obokano, lile zeze letu la nyuzi nane, hakijawahi kuwa na ukumbi. Kila Jumapili tulifanyia mazoezi katika banda la jirani yangu, mama mjane anayelima chai na kuuza ndizi. Kabla hatujafika, alikuwa ameshatoa mikungu yote nje, amefagia, na chai iko kwenye birika. Hakutudai chochote, nami sikujiuliza hata siku moja mikungu ile ilitolewa na nani.

Nilikuwa mweka hazina, kwa hiyo fomu ya kuomba ufadhili niliijaza mimi. Palipoulizwa jamii inachangia nini, niliandika sifuri. Nilijiona mkweli kabisa. Hakuna aliyetupatia shilingi, sasa ningeandika nini?

Niliwasomea wanakikundi fomu ile kwa sauti, kama mwalimu nilivyo. Yule mama jirani alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na birika lake. Alisubiri nimalize.

"Mwalimu," akasema, "hiyo jamii iliyotoa sifuri ni ya wapi?"

Watu walicheka. Mimi nilikasirika, nikamwambia fomu inataka hesabu, haitaki chai. Alimimina vikombe, akaanza na changu.

Jumapili iliyofuata nilifika saa moja asubuhi. Nilimkuta ameinama, mkungu mgongoni, anautoa nje, na mingine mingi bado imo bandani. Nikainua mmoja nimsaidie.

Ulinielemea; sikufika nao mlangoni.