Sala ya Kumwombea Mke wa Katekista

Vidole vya katekista vimeingia weusi wa majani ya chai anayochuma, na hata akivisugua kwa ndimu hautoki. Kwa vidole hivyo huwafunga watoto wa kigango cha Ikonge vifungo vya mashati kabla ya ubatizo, huwapangusa kamasi, huwashika mkono kuwafundisha ishara ya msalaba. Ukatekista wake ni kazi ya kujitolea. Huongea kwa sauti ya chini, hivi kwamba mtoto mtundu hulazimika kusogea ili amsikie. Mkewe, Kwamboka, humtazama akiwa na watoto hao. Wanajumuiya humwita tasa, naye hubeba jina hilo, kwa kuwa aliyosema daktari wanayajua wao wawili peke yao.

Jumapili moja, ibada ilipokwisha, mwenyekiti wa kigango, Mzee Nyabuto, alimwita Kwamboka mbele akamwekea mkono kichwani. "Ee Bwana, lifungue tumbo hili! Na kama kuna dhambi ameificha, aiungame leo!" Akina mama wakaitikia amina. Kwamboka aliuma meno kwa hasira.

"Mzee, toa mkono," katekista akasema. "Dhambi gani? Nilipimwa. Mwenye kasoro ni mimi."

"Katekista! Hayo hayasemwi mbele ya wanawake."

"Yake mmeyasema mbele yao miaka yote, mkayaita sala. Padri alipotufungisha ndoa hakutuwekea sharti la mtoto."

Akamshika mkewe mkono, wakaketi pamoja kwenye benchi la akina mama.

"Umechelewa," Kwamboka alimnong'oneza kwa uchungu, lakini mkono wake hakuuondoa.